Siku Waliposifu Maji

Kwa miaka ishirini na miwili alipika katika jiko la shule ya bweni, na muda wote huo hakuna sufuria ya maharage iliyoungua akiwa karibu. Aliweza kukaa kwenye benchi nje ya ofisi ya mwalimu mkuu, ng'ambo ya uwanja, akainua kichwa katikati ya mazungumzo na kusema, "Huko wameacha kukoroga," kisha akaondoka kwa hatua ndefu, na kweli akakuta msaidizi wake ameweka mwiko chini anapiga soga. Wanafunzi wakamwita Mama Pua. Walianza kwa kumcheka, lakini jina linaloitwa na watoto mia nne kila siku haling'oki. Hata mwalimu mkuu alimwita hivyo mbele ya wageni, naye akaitika.

Tetemeko lilimkuta stoo akipima mchele. Wanafunzi walikuwa wamejipanga mstarini uwanjani, na mstari huo ndio uliowaokoa, maana jiko na mabweni mawili vilikaa chini kama mtu aliyechoka. Yeye aliangukiwa na rafu ya chuma kisogoni. Walimtoa akiwa mweupe kwa vumbi la unga na saruji, wakamshona nyuzi saba, wakamwambia ashukuru. Akashukuru. Mjini nyumba moja kati ya tatu ilikuwa imeanguka. Binti yake wa pekee alivunjika mguu mahali pawili, akapelekwa hospitali kubwa, mwendo wa siku nzima kwa gari, akamwachia mama yake mtoto wa kiume wa miezi kumi na mmoja ambaye alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kusimama kwa kushika vitu, katika mji ambao vitu vya kushika vilikuwa vimeanguka.

Wiki haikuisha uwanja wa shule ukajaa mahema. Watu mia sita na zaidi. Lilikuja shirika la misaada na fundi maji wake, kijana mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Akasimamisha tangi la plastiki la lita elfu kumi juu ya mifuko ya mchanga, palepale lilipokuwa jiko, akatundika koki sita, kisha akauliza: ni nani hapa ambaye watu wote wanamwamini kwa kitu wanachokitia mdomoni? Hakuna aliyefikiri mara mbili. Vidole vyote vilimwelekea.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu kwa mtu aliyezoea kupikia shule. Kila alfajiri lori lilileta maji na kujaza tangi. Mama Pua alifungua ndoo ya dawa ya maji, ile ya unga mweupe, akapima kwa kijiko kilichokatwa mpini, akakoroga kwenye ndoo ndogo, akamimina tangini, akasubiri nusu saa. Halafu akachukua maji kidogo kwenye kichupa, akatia kidonge cha kupimia, na yakigeuka rangi ya waridi akafungua koki. Siku ya tisa vidonge vikaisha. Vingine vilikuwa njiani, na njia ilikuwa imefunikwa na mlima ulioporomoka.

"Basi tutanusa," fundi maji alisema. "Maji yenye dawa ya kutosha yananuka kidogo. Yasiponuka baada ya nusu saa, ongeza nusu ya kipimo, subiri tena. Mimi nafuata vidonge mwenyewe, siku nne au tano. Bahati yetu tuna pua yenye jina."

Watu waliokuwa karibu wakacheka. Naye akacheka. Hapo ndipo alipotakiwa kusema.

Maana tangu rafu ile imwangukie hakuwahi kunusa kitu. Wiki ya kwanza alidhani ni vumbi. Kambi nzima ilikuwa inakohoa. Akawa anaosha pua kwa maji ya chumvi. Kisha asubuhi moja wifi yake, dada wa marehemu mumewe, aliyekuwa analala naye hema moja, alirudi kutoka foleni ya mablanketi akamkuta ameketi mbele ya sufuria anamwimbia mjukuu.

"Wifi," alisema yule mwanamke akiwa amesimama mlangoni, "uji unaungua."

"Wapi?"

"Hapo mbele yako. Moshi wote huu. Au siku hizi unapika kwa kusubiri uambiwe?"

Aliangalia chini, akauona moshi. Aliuona tu. Wifi yake alizoea kumtania kwamba kaka yake alioa mapishi, uso ukaja kama nyongeza, na siku hiyo pia alifungua kinywa kutania. Akakifunga. Akachukua sufuria akaenda kuikwangua nje.

Hawakulizungumza tena. Ukisema, unasema nini? Hema la jirani lilikuwa na mwanamke aliyezika watoto wawili kwa siku moja. Mwalimu wa hesabu alikuwa bado anazunguka kwenye kifusi akiita jina la mkewe. Katikati ya hayo yeye asimame aseme amepotelewa na harufu ya vitunguu? Ilikuwa aibu hata kuifikiria. Na chini ya aibu hiyo palikuwa na kitu kingine, kidogo na kigumu kama kokoto kwenye wali: jiko limeanguka, shule imefungwa, mume yuko kaburini, binti yuko mbali. Kitu pekee alichobaki nacho ni lile jina. Likiondoka nalo, pale kwenye koki atasimama nani?

Kwa hiyo alitafuta njia, kama wapishi wanavyotafuta njia chumvi ikiadimika. Alianza kunusa kwa nyuso za watu.

Wa kwanza kwenye foleni kila siku alikuwa fundi viatu, mzee mkavu asiyeridhika na kitu chochote kilicho chini ya mbingu. Mama Pua alimkingia kikombe cha kwanza, akakaa akimtazama. Mzee alikunywa, akakunja uso mpaka masikio yakasogea, akasema, "Mnatuua na dawa hii. Tetemeko lilituacha, nyinyi mnamalizia." Basi yeye akashusha pumzi na kufungua koki zote sita. Mzee alalamike, kambi iko salama. Siku tatu ilikwenda hivyo, na alikuwa ameanza kumpenda yule mzee kwa siri, kama mtu anavyoipenda saa ya ukutani.

Jumanne ndoo ya kwanza ya dawa ikaisha. Akafungua ya pili. Mfuniko wake ulikuwa na ufa, mrefu kama kidole, na unga wa juu umeshikana mabonge. Hakuona ubaya, unga wa ngano ukishikana unauchekecha. Tena alifurahi kidogo, kwa sababu ndoo ya kwanza ilikuwa inamtoa machozi kila anapoifunua, na hii haikumwasha. Akapima, akakoroga, akasubiri nusu saa yake kamili.

Fundi viatu akanywa. Akalamba midomo. Akanyoosha kikombe aongezwe.

"Leo umetupikia, Mama Pua," alisema. "Maji matamu. Kama ya kisima cha kwetu."

Foleni ikacheka, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumsikia akisifu. Mwanamke wa pili akaonja akasema ni kweli, leo hayana ule ukali. Wa tatu akasema Mungu ambariki. Mama Pua alitabasamu, huku akitafuta kwenye foleni uso hata mmoja uliokunjamana.

Pengine mzee ana mafua, alijiambia. Pengine lori limechota mahali pengine, maji masafi zaidi. Pengine wameshazoea, mdomo unazoea. Alizisema sababu hizo moja moja huku madumu yakijaa na kuondoka, na kila dumu lililoondoka lilifanya iwe vigumu zaidi kusema kwa lililofuata. Saa sita mchana tangi lilikuwa limebaki robo. Jumatano alikirundika kijiko mpaka kikamwagika. Fundi viatu akamsifu tena.

Alhamisi asubuhi mjukuu alichafua nepi mara tatu kabla ya jua kupanda. Mara ya tatu yalikuwa maji matupu.

"Ulimpa nini jana?" Mama Pua alimuuliza wifi yake.

"Nimpe nini zaidi ya uji? Na maji. Kuni hakuna, sikuyachemsha. Si ya tangini? Si wewe unayeyatengeneza?"

Alimfunga mtoto mgongoni akavuka uwanja hadi hema la zahanati. Kulikuwa na mikeka imetandikwa, na mikeka ilikuwa na watoto. Muuguzi, mwanamke mfupi mwenye macho ya mtu asiyelala, alikuwa anahesabu kwa kidole.

"Wako wa kumi," alisema. "Tangu jana mchana. Wote wanaharisha." Alimshika mtoto, akambana ngozi ya tumbo, akatazama inavyorudi. Kisha akauliza bila kuinua macho, "Maji yako sawa, mama?"

"Sawa," alisema Mama Pua.

Neno lilitoka lenyewe, kwa mazoea ya miaka ishirini na miwili ya kuulizwa kama chakula kiko tayari. Alilisikia likiwa limeshatoka. Alimwacha mtoto kwa muuguzi akasema anarudi, akatoka nje. Kutoka pale aliweza kuliona tangi na foleni yake, madumu ya njano yamepangwa mpaka kwenye magoli. Lori lilikuwa limekuja na kuondoka. Alikuwa ameshatia dawa alfajiri, na kwa kuhangaika na mtoto alikuwa amemwachia wifi yake afungue koki. Ndiyo kwanza zilikuwa zimefunguliwa zote sita.

Alitembea. Alitaka kukimbia, lakini mtu wa umri wake akikimbia kambini watu hudhani ardhi imetikisika tena, na wangekanyagana. Alitembea mpaka akafika, akafunga koki ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Kulikoni?" wifi yake aliuliza.

"Shika hizo zingine. Funga."

"Zamu yangu imefika," fundi viatu alilalamika. "Nimekaa hapa tangu giza."

Alirudi kwa muuguzi akaomba simu. Asubuhi hiyo mtandao ulipatikana sehemu moja tu, juu ya tofali la ngazi ambayo haikuwa tena na jengo. Fundi maji aliitika kwa sauti ya upepo.

"Mwanangu, nimefunga maji."

"Kwa nini? Yananuka vipi?"

"Sijui."

"Hujui vipi, mama? Nusa basi."

"Ndiyo nakwambia. Sina pua."

Alimsikia akicheka kidogo, akisubiri utani uendelee. Haukuendelea.

"Pua ninayo," alisema. "Harufu sina. Tangu siku ile. Nilikuwa nawatazama watu wanavyokunja uso, na tangu juzi hawakunji."

Akatazama kioo cha simu kuona kama imekatika.

"Ndoo unayotumia," kijana alisema hatimaye, polepole, "ilikuwa imefungwa vizuri?"

"Mfuniko una ufa."

"Inakuwasha macho?"

Hapo akaelewa, na kuelewa kwenyewe kulimuuma kuliko nyuzi saba. Macho yalikuwa yamemwambia tangu Jumanne. Yeye alikuwa ameyashukuru kwa kunyamaza.

"Dawa imekufa," alisema fundi maji. "Ikiingiwa na hewa na unyevu inakufa. Chukua ndoo ya tatu. Tia upya kipimo kizima, subiri nusu saa, tafuta mtu anuse. Watu wamwage yote waliyoyaweka mahemani. Mama, sikiliza. Tungeongea haya juzi..." Hakumaliza. "Nafika kesho," alisema.

Kurudi kwenye tangi ilikuwa safari ndefu kuliko umbali wake. Foleni ilikuwa imevunjika na kuwa duara. Jua lilikuwa limepanda na watoto walikuwa wanalia kwa kiu. Wifi yake alikuwa amesimama mbele ya koki, mikono kiunoni, akiwaambia watu kwamba anayetaka kupita apite juu ya mwili wake, na mwili wenyewe wanauona ulivyo, wajipime.

Mama Pua alipanda juu ya mfuko wa mchanga. Hakuwa mtu wa hotuba. Aliwaambia kwamba dawa ilikuwa mbovu, maji ya tangu Jumanne yamwagwe, ya leo asinywe mtu. Wakaanza kuguna. Akawaambia pia kwamba yeye hanusi, hajanusa tangu tetemeko, na alinyamaza.

Wale wa mbele wakashusha madumu yao.

"Siku mbili," alisema mwanamke mmoja. Mama Pua alimfahamu. Mtoto wake wa kike alikuwa mkeka wa karibu na mlango. "Siku mbili umesimama hapa unatutazama tukinywa. Nilikwambia Mungu akubariki."

Mwanamke yule aligeuka akaenda zake zahanati.

"Haya, mmesikia," alisema wifi yake. Sauti yake ilikuwa imepungua makali. "Mnaoweza kutembea, twendeni hema kwa hema. Kila dumu, kila birika. Atakayeficha nitamwagia kichwani."

Wakaenda. Mama Pua akatoa ndoo ya tatu chini ya turubai, akang'oa mfuniko. Macho yakamwasha papo hapo, machozi yakamiminika mpaka kidevuni, na safari hii akayaacha yamiminike. Alipima. Alikoroga. Alimimina. Nusu saa aliihesabu kwenye saa ya mkononi ya fundi viatu, ambaye alikuwa hajaondoka mahali pake pa kwanza kwa hofu ya kunyang'anywa.

"Mimi si mnusaji," mzee alisema alipopewa kikombe. "Mimi mkorofi tu."

"Kuwa mkorofi, baba."

Akanusa. Akaonja kwa ncha ya ulimi. Watu walisogea karibu kama wanaosubiri matokeo ya mtihani. Uso wake ulianza kujikunja kutoka kwenye paji, ukashuka puani, ukafika mdomoni.

"Mnatuua," alisema. "Yananuka kama sakafu ya hospitali."

Mtu mmoja akacheka, wengine wakafuata, kicheko kifupi cha watu waliochoka. Mama Pua hakucheka. Alifungua koki, akamkabidhi wifi yake kijiko, akaenda zahanati.

Watoto walikuwa kumi na wawili sasa. Muuguzi alimpa kikombe cha maji ya chumvi na sukari na kijiko kidogo. "Kijiko kimoja, hesabu hadi ishirini, kijiko kingine," alisema. "Akikojoa kabla ya saa kumi, nabaki naye hapa. Asipokojoa, gari linampeleka hospitali, na barabara umeisikia ilivyo." Halafu, kwa sauti ya chini, "Ungeniambia asubuhi, mama. Nilikuuliza."

"Uliniuliza," alisema.

Aliketi kwenye mkeka. Nafasi pekee ilikuwa karibu na mlango, ubavuni mwa yule mwanamke. Hawakuangaliana. Kijiko. Ishirini. Mtoto alikuwa mwepesi mapajani kuliko jana, macho yamezama, mdomo mkavu unashika kijiko na kukiachia. Kijiko. Saa saba mtandao ulirudi, simu ya muuguzi ikalia, na ilikuwa sauti ya binti yake, nyembamba, kutoka kitanda cha mbali.

"Mama. Anakula?"

Mara zote tatu alizopiga alikuwa amemjibu kwamba anakula kama jeshi.

"Anaumwa tumbo," alisema. "Alikunywa maji mabaya. Niliyatengeneza mimi. Nakaa naye, nampa kijiko, nasubiri akojoe."

Alimsikia binti akivuta pumzi. "Usikate," binti alisema. "Weka simu hapo, usikate." Basi akaiweka juu ya mkeka, na mtu wa tatu asiyeonekana akawa anahesabu nao hadi ishirini mpaka salio likaisha.

Saa nane. Saa tisa. Ardhi ilitikisika mara moja, kidogo, vikombe vikagongana. Akina mama wote waliinama juu ya watoto wao kwa pamoja, wakainuka kwa pamoja. Gari liliegeshwa nje, dereva akafungua mlango wa nyuma.

Saa tisa na nusu ikapita ndipo alipohisi joto pajani.

Hakuthubutu kusogea. Joto lilienea kwenye nguo, likapoa pembeni. Aliinua kitambaa cha mtoto: kimelowa, na kilikuwa kitambaa cha kahawia, kuukuu, kisichosema kitu. Kilichokuwa kinamtoka mtoto tangu asubuhi nacho kilikuwa maji matupu. Alikigeuza kwenye mwanga wa mlango. Alikileta puani kwa mazoea, akavuta pumzi ndefu, na ilikuwa kama kuvuta pumzi ndani ya chumba kilichohamwa.

Muuguzi alikuwa nje anaongea na dereva.

"Dada," alisema Mama Pua. Yule mwanamke hakugeuka. "Dada, najua. Lakini nisaidie kunusa."

Kwa muda ambao angeweza kuhesabu hadi ishirini, mwanamke yule aliendelea kumlisha mwanawe. Akaweka kijiko chini. Akajipinda bila kunyanyuka, akashika pembe ya kitambaa kwa vidole viwili, akakinusa, akanusa tena karibu na mtoto.

"Mkojo," alisema. "Mkali. Mpe maji zaidi."

Akarudi kwa mtoto wake, akachukua kijiko.

"Na wa kwako?" Mama Pua aliuliza.

"Bado," alisema mwanamke.

Mama Pua akamlaza mjukuu upande wa bega la kushoto ili apate mkono mmoja mtupu. Akasogeza kikombe cha jirani mahali ambapo wote wawili wangekifikia, akaanza kuhesabu naye.